Laivu au pleibeki: kwa nini wimbo mmoja unakugusa na mwingine unapita tu

Msimu wa harusi ukifika, ukipita Mpendae usiku wa Jumamosi, au mtaa wowote wa Ng'ambo hapa mjini Unguja, si ajabu kusikia muziki kutoka pande mbili. Upande mmoja pana spika mbili kubwa, kompyuta, na mwimbaji mmoja aliyeshika maikrofoni. Upande wa pili pana kidumbak: fidla, sanduku, vidumbak viwili, cherewa na mkwasa, na mwimbaji anayesukumana na wapigaji wake. Wenye shughuli wote wamelipa, na wageni wote wamekuja kufurahi.

Sasa tuchukulie umeme unakatika. Upande wa kwanza kunakuwa kimya papo hapo. Upande wa pili maikrofoni inakufa, lakini mkono wa mpiga kidumbak haujui habari za umeme. Wimbo unaendelea, na watu wanasogea karibu ili wasikie vizuri. Mfano huu hauko mbali na maisha yetu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme unaotoka Bara, baada ya hitilafu katika njia inayopita chini ya bahari.

Wasikilizaji wetu wengi wako mashamba, na muziki unawafikia kwa redio na kwa simu. Wanapopanda daladala kuja mjini kwenye onyesho, au wanapochanga kumwalika msanii kijijini, malalamiko ni yale yale: "Tumelipa kiingilio, kumbe tumekuja kusikiliza CD." Katika makala hii tunaeleza malalamiko hayo yanatoka wapi, ni nini hasa kinachotokea mwimbaji anapoimba kweli mbele ya watu, na kwa nini jambo hilo linazidi kuwa ghali.

Tutofautishe kwanza

Watu husema "pleibeki" kwa mambo ambayo hayafanani. Yako matatu.

La kwanza ni laivu kamili. Wapigaji wako jukwaani, mwimbaji yuko jukwaani, na kila unachosikia kinatengenezwa saa ile ile. Taarab asilia, kidumbak, beni, maulidi ya homu na ngoma za unyago ziko hapa.

La pili ni nusu pleibeki. Muziki umerekodiwa studio na unatoka kwenye flashi au simu, lakini sauti ya mwimbaji ni hai. Wasanii wengi wa Zenji Fleva na Bongo Fleva huimba hivi, hasa wanaoanza, kwa sababu hawana bendi.

La tatu ni pleibeki kamili. Sauti na muziki vyote vimerekodiwa. Mwimbaji anatembeza mdomo, anacheza, anapungia watu mkono. Akikohoa, wimbo haukohoi.

Tofauti hii ina maana kwa mlipaji. Anayeimba kwa sauti yake juu ya muziki wa flashi anafanya kazi halali, na akiwa na pumzi na moyo anaweza kuwagusa watu. Anayetembeza mdomo anauza kitu ambacho hakipo.

Jina la taarab lina jibu ndani yake

Neno taarab limetoka katika Kiarabu, kwenye neno tarab. Maana yake ni kule kusisimka, kule kuguswa na muziki mpaka mtu akajisahau. Kwa hiyo watu waliouita muziki huu hivyo hawakuuita kwa jina la ala wala la mji. Waliuita kwa jina la kile kinachompata msikilizaji.

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wapiga muziki kutoka Misri na kumtuma Mohammed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na baadaye vikafuata vingine, kikiwemo Culture Musical Club. Ala zilikuwa kanuni, udi, fidla, nai, dumbak na rika, na baadaye akodiani.

Anayekwenda taarab kwa mara ya kwanza hushangaa kuona jinsi wasikilizaji wanavyofanya kazi. Ubeti ukimgusa mtu, hasa kwa bibi mwenye jambo lake moyoni, hunyanyuka kitini na noti mkononi, akaenda mbele taratibu, akiwa anacheza na wakati mwingine akimwangalia mtu fulani, akamtuza mwimbaji. Mwimbaji akiona hivyo anaurudia ubeti. Wapigaji nao wanamfuata. Wakinyanyuka watano, ubeti unaweza kurudiwa mara tano. Wasiponyanyuka, mwimbaji anajua ubeti ule haujafika, naye anatafuta njia nyingine ya kuwaingia.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kweli kati ya laivu na pleibeki. Muziki uliorekodiwa haumwoni mtu. Bibi yule akinyanyuka na noti yake, flashi haimsubiri, inakwenda mbele kama ilivyopangwa. Wimbo wa laivu urefu wake unaamuliwa na watu wawili, anayeimba na anayesikiliza, na hilo ndilo linalompa msikilizaji hisia kwamba ameimbiwa yeye.

Cairo walilijua hilo vizuri. Umm Kulthum, mwimbaji mkubwa wa Misri, kwa miaka mingi aliimba Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake, na redio ya Cairo ilirusha onyesho lile moja kwa moja. Wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima kwa sababu watu walimwomba arudie mistari, naye kila akirudia aliubadilisha kidogo. Waliokuwa mbali na ukumbi, wenye redio tu, walizisikia pumzi zake na makelele ya watu. Kwa hiyo redio inaweza kuibeba hisia ile, kama itakubali kurusha onyesho hai.

Mtoto wa Zanzibar kwenye jukwaa la Wembley

Mtu mmoja aliyezaliwa mji huu anatajwa duniani kote kila panapozungumzwa nguvu ya kuimba mbele ya watu, naye hakuimba taarab. Aliimba roki, muziki wa magitaa ya umeme na ngoma nzito. Ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi, ambaye dunia ilikuja kumwita Freddie Mercury. Alisoma shule ya bweni India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Huko akawa mwimbaji wa bendi ya Queen. Tangu 2019 kuna jumba dogo la kumbukumbu yake Shangani, na watalii hupiga foleni kuliona. Wazanzibari hatukubaliani wote kuhusu maisha yake, lakini hapa tunazungumzia kazi yake ya jukwaani tu.

Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, London, lilifanyika onyesho la Live Aid la kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia. Uwanjani walikuwepo watu wapatao 72,000, na mamilioni walitazama kwa televisheni. Queen walipewa dakika 20 hivi. Watu wengi wanaoandika historia ya roki wanazihesabu dakika zile kuwa miongoni mwa maonyesho bora kabisa kuwahi kufanyika.

Alifanya nini? Katikati ya onyesho, bila wimbo, Freddie alirusha sauti fupi kwa watu, nao wakairudisha. Akarusha ngumu zaidi, wakairudisha. Akapanda juu, wakampandia. Hakuwa na ala nyuma yake wakati ule, ni sauti yake na sauti ya uwanja. Aliyekulia Unguja hahitaji kuelezwa jambo hilo. Ni yule yule kiongozi anayeanzisha na kundi linaloitikia, kama ilivyo katika maulidi na katika ngoma zetu. Hatusemi kwamba alijifunzia hapa, maana hilo hakuna wa kulithibitisha. Tunasema kwamba kilichowashika watu Wembley ni kitu ambacho msikilizaji wa Makunduchi au Nungwi anakijua kwa jina lake.

Hisia hazishuki zenyewe

Watu wakiona msanii anatokwa jasho na sauti inapasuka, husema "yule ana kipaji, inamjia tu." Ndivyo inavyoonekana, lakini sivyo inavyopatikana. Kabla ya zile dakika 20, Queen walijifungia ukumbini London wakafanya mazoezi siku kadhaa, wakipanga wimbo upi ukatwe wapi na upi ufuate. Walipofika jukwaani hawakuwa na haja ya kufikiria mpangilio. Akili yote ilikuwa kwa watu.

Hapa kwetu ni hivyo hivyo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akifinyanga vyungu, alipohamia mjini alijifunza, na kundi lake lilikuwa likikutana nyumbani kwake Ng'ambo usiku hadi usiku kupiga na kutunga. Majirani walikuwa wakisikiliza. Nyimbo zilizungumzia mambo waliyoyajua wao, hukumu za mahakama, dhuluma, wanawake walioonewa. Kabla sauti yake haijaingia kwenye sahani ya santuri, ilikuwa imekwisha kupimwa mbele ya watu wenye ulimi mkali.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na umri mkubwa sana, alikuwa na sauti yenye mikwaruzo ambayo mwalimu wa kwaya angeweza kuisahihisha. Hakuna aliyetaka isahihishwe. Alikuwa akijifunga ngoma ya msondo kiunoni, akasimama akaipiga huku akiimba, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, mkutano mkubwa wa muziki wa mataifa. Lakini tusisahau kwamba mikono ile ilipiga ngoma za unyago miaka mingi sana kabla ya kamera yoyote kufika. Makame Faki, mwimbaji wa Culture Musical Club na wa kidumbak, watu walimwita "Sauti ya Zege". Jina la sifa linalosema sauti ina kokoto ndani yake linatueleza Wazanzibari wanapenda nini. Wanapenda sauti inayoonesha kwamba mtu yuko ndani yake.

Kwa hiyo kupiga kelele, kulia jukwaani au kuvua shati si ushahidi wa hisia. Hayo yanaweza kuigizwa kama mdomo unavyotembezwa kwenye pleibeki. Ushahidi ni pale msanii anapoweza kubadilika kwa sababu yako. Na anayeweza kubadilika ni yule tu aliyejifunza kazi mpaka ikakaa mwilini.

Mashine si adui

Hapa tunatofautiana na wazee wachache wanaosema kila kilichorekodiwa kimeua muziki. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya HMV. Santuri zake zilipigwa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Hazikumuua, ziliwafanya watu watamani kumsikia mwenyewe. Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990, ile ya rusha roho, ilileta kinanda cha umeme badala ya safu ya fidla, na wanawake waliendelea kunyanyuka na noti zao, kwa sababu kinanda kilipigwa na mtu aliyewaona.

Hata Queen walitumia mashine. Wimbo wao maarufu, "Bohemian Rhapsody", una kipande cha katikati chenye sauti nyingi zilizopandanishwa studio, ambacho wanaume wanne hawawezi kukiimba jukwaani. Katika maonyesho yao walikuwa wakikipiga kwa mkanda. Lakini wakati mkanda unacheza, waliondoka jukwaani. Hawakusimama wakatembeza midomo. Kila aliyekuwepo alijua hiki ni mkanda, na waliporudi kumalizia aliijua sauti iliyo hai. Na pale Live Aid walikiacha kipande kile kabisa.

Linganisha na Milli Vanilli, vijana wawili waliopewa tuzo ya Grammy mapema mwaka 1990. Novemba mwaka ule ule ikajulikana kwamba sauti za kwenye albamu yao hazikuwa zao, na tuzo ikachukuliwa. Nyimbo zilikuwa zile zile zilizopendwa wiki moja kabla. Kilichobadilika ni kwamba wasikilizaji waligundua wamedanganywa. Mashine ile ile inavumilika kwa anayesema wazi, na inaudhi kwa anayeficha.

Nani analipa?

Kama laivu ina faida zote hizi, kwa nini pleibeki inaongezeka? Sababu kubwa ni hesabu. Kikundi cha taarab asilia kina wapigaji wengi, na kila mmoja ana nauli, chakula na ujira. Ala zinataka kutengenezwa, nyuzi zinakatika, na wa kuzitengeneza ni wachache. Vyombo vya sauti vya watu kumi ni vingi kuliko vya mtu mmoja. Mwenye harusi wa Mpendae, ambaye ana pilau, maturubai na mapambo ya kulipia, akiambiwa kuna msanii atakayekuja na flashi yake mfukoni, hatumlaumu akimkubali.

Hata walio wakubwa wanalemewa. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Mji Mkongwe mwezi Februari tangu 2004, limejenga jina lake kwa sharti moja: kila kitu jukwaani kiwe laivu. Kwa sharti hilo kijana wa Zenji Fleva anayetaka kupanda Ngome Kongwe analazimika kutafuta bendi na kufanya mazoezi. Lakini mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002 na ambamo vijana wengi wa Unguja wamejifunza kanuni, udi na fidla, mwaka 2019 kilitangaza kwamba kiko hatarini kufunga kwa sababu hiyo hiyo.

Hasara yake haionekani mara moja. Harusi ikichukua pleibeki, usiku ule watu wanacheza, hakuna kilichoharibika. Lakini harusi ndiyo shule ya mpigaji. Hapo ndipo kijana wa fidla anapojifunza kumwangalia mwimbaji, na mwimbaji anapojifunza kulishika kundi lililochoka saa saba za usiku. Harusi mia zikienda bila wapigaji, mia moja na moja mwenye shughuli akitaka laivu hatawapata, au atawapata wasiojua kazi, naye atasema pleibeki ilikuwa bora.

Sisi wa redio hatujitoi katika lawama. Tunapiga rekodi za studio asubuhi hadi usiku kwa sababu ni rahisi, hazina makosa na hazichelewi. Msikilizaji aliyezoea sauti iliyopigwa pasi, siku akisikia sauti ya mtu ikipungua pumzi, anadhani ni kosa. Vipande vya nusu dakika kwenye simu vimeongeza jambo hilo, kwa sababu vinaonesha kilele cha wimbo bila safari ya kukifikia.

Unachoweza kufanya

Kwanza, uliza kabla ya kulipa. Ukimwalika msanii, mwulize waziwazi: utaimba kwa sauti yako au utaweka wimbo mzima? Utakuja na wapigaji wangapi? Jibu liingie kwenye makubaliano.

Pili, waandaaji waandike kwenye tangazo. Neno "laivu" likitumika kwa onyesho la flashi, huo ni udanganyifu wa biashara kama udanganyifu mwingine. Kwa maoni yetu, BASSFU, baraza linalosimamia sanaa, filamu na utamaduni Zanzibar, lingeweza kuwataka waandaaji wataje onyesho ni la aina gani wanapoomba kibali. Sharti hilo halipigi marufuku chochote. Linampa mnunuzi haki ya kujua.

Tatu, laivu si lazima iwe kubwa. Kidumbak ni watu wachache, na ala zake zinatengenezeka hapa hapa. Kijiji kisichoweza kuleta kikundi kizima cha taarab kinaweza kuwaita hao kwa saa mbili, kisha spika zikaendelea.

Nne, onesha kwamba umeguswa. Nusu ya wimbo wa laivu iko kwako. Ukumbi ambao kila mtu ameinua simu kurekodi ni ukumbi ambao mikono yote imeshughulika, na mwimbaji aliye mbele hapati wa kumwitikia. Rekodi ubeti mmoja kama unataka kumbukumbu, kisha weka simu mfukoni. Bibi anayenyanyuka na noti yake ya shilingi elfu mbili anamsaidia mwimbaji kuliko video kumi, kwa sababu yeye ndiye anayemwambia ubeti umefika, urudie.